Waya Kati ya Nyumba Mbili za Malaba

Habari ya kifo cha Mwalimu niliipata Jumanne asubuhi, nikiwa nyumbani Busia nangoja chai ipoe. Aliyenipigia simu ni mjane mdogo wa rafiki yangu wa Malaba, mwanamke ambaye siku zote hunitumia ujumbe tu, kwa hiyo nilipoona anapiga nilijua kuna jambo. "Mzee, Mwalimu ametuacha," alisema. "Presha ilimshika akiwa kwake Chakol. Tunazika Jumamosi." Badala ya kumpa pole nikauliza swali ambalo mpaka sasa naona haya kulikumbuka: "Una hakika ni presha?" Akasema polepole, "Mzee, hata leo?" Wanaoisoma safu hii wananijua. Mtu aliyekulia mpakani, akaona kila gunia likidungwa na kila kitambulisho kikigeuzwa mara mbili, hujifunza kushuku kabla hajajifunza kusalimia. Lakini swali la mjane yule lilinichoma kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena kuieleza.

Nilimfahamu Mwalimu kwa ugomvi. Alikuwa amefundisha hisabati miaka mingi katika shule moja upande wa Amukura, na shule ilipopewa kompyuta kuukuu akajifundisha mwenyewe kuzitengeneza. Alipostaafu alikodi chumba kidogo Malaba, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa fundi. Siku moja nilikwama huko nikiwa na makala ya kuchapisha, nikaingia kwake nikamnyooshea flashi yangu. Hakuipokea. Aliitazama mkononi mwangu kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Hii imelala wapi?" aliuliza.

"Imelala wapi vipi? Nimetoka nayo cyber, Busia."

"Cyber gani? Na kabla ya hapo?"

Nilimwambia kwamba mimi si mhalifu, ni mwandishi. Akanijibu kwamba hajauliza kuhusu mimi, ameuliza kuhusu flashi. Hatimaye aliishika kwa ncha za vidole, akaichomeka kwenye mashine moja nzee iliyokaa pekee pembeni, isiyounganishwa na kitu chochote, akaniambia nikae. Robo saa baadaye alirudi. "Ilikuwa na wageni wanne, virusi," alisema, "nimewatoa." Sikujua kama nimshukuru au nimshuku. Aliyeniambia kuwa kuna wageni ni yeye, na aliyewatoa ni yeye. Mimi sikuona hata mmoja. Lakini niliona jambo jingine siku ile, na laiti ningelitilia maanani. Karatasi zangu zilipotoka kwenye printa, Mwalimu alizigeuza uso chini, akazihesabu kwa kingo na kunikabidhi bila kusoma neno. Nilimuuliza kama hataki kujua ninaandika nini. "Mimi nabeba," alisema. "Sisomi."

Sasa rafiki yangu. Alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, mtu wa kabila la Wateso aliyezaliwa hapo hapo, mtu wa kucheka kwa sauti. Alikuwa na wake wawili katika boma moja, nyumba mbili zilizotazamana, ua katikati, na banda la kuku kando. Mke mkubwa ndiye aliyeanza naye maisha; alimsaidia kazi za ofisi kwa miaka mingi na alitumia kompyuta ya Windows kama zile za maofisini. Mke mdogo alikuwa karani wa shule ya msingi, na laptop yake, iliyonunuliwa ikiwa imechoka, Mwalimu alikuwa ameiwekea Linux, mfumo wa bure usioilemea mashine dhaifu. Mume mwenyewe alikuwa na mashine mbili, moja ya kila aina, moja katika kila nyumba. Aliandika mambo yake popote alipokuwa amelala. Alipougua na kufariki, karatasi zake zote zikabaki zimegawanyika hivyo: barua, picha za hati, orodha za mifugo, na maandishi ambayo kila mtu alijua yapo, yaliyoeleza jinsi anavyotaka shamba la Chakol litumike.

Hapo shuku ikaingia ndani ya boma. Mke mkubwa alisema kuna karatasi amefichwa. Mke mdogo akasema hivyo hivyo. Ndugu ya marehemu, ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya ukoo, aliniita mimi kama rafiki wa nyumba, nami nikamtaja Mwalimu. Ndiyo, ni mimi niliyempeleka pale.

Mwalimu alisikiliza pande zote mbili bila kuandika chochote, kisha akaeleza atakachofanya. Atachukua kompyuta moja ya marehemu, aiweke katika chumba cha stoo chenye kufuli, ufunguo ukae na ndugu. Ndani yake atakusanya kila kitu kutoka mashine zote mbili. Halafu atapitisha waya chini ya ua, ndani ya bomba la plastiki, hadi nyumba zote mbili, ili kila mama akae kwake, afungue kompyuta yake, na aone mafaili yale yale. "Hizi mashine hazisikilizani kwa kawaida," alisema, "lakini kuna namna ya kuzifanya zizungumze." Kisha akawauliza wote.

"Nani asome, na nani aandike?"

"Mimi nisome na niandike," mke mkubwa alisema. "Huyu asome tu."

"Kwa nini mimi nisome tu? Kwani mimi ni mgeni hapa?" mke mdogo alijibu.

"Si mgeni. Lakini mimi ndio najua hizo karatasi."

"Ndio maana nataka kuandika. Kwa sababu wewe unazijua."

Ndugu ya marehemu aligonga meza kwa kiganja. "Wote wasome. Asiandike mtu. Neno la siri la kuandika likae na Mwalimu mpaka ukoo ukae." Mwalimu alikataa mara mbili. Alisema anayeshika neno hilo ndiye atakayelaumiwa kitu kikienda kombo, na akamwomba ndugu alishike yeye. Ndugu akacheka, akasema hata simu yake humshinda. Wale wanawake wawili, kwa mara ya kwanza siku ile, wakakubaliana juu ya jambo: Mwalimu ashike.

Kazi ilimchukua siku tatu. Nilikwenda siku ya pili nikamkuta amepiga magoti uani akifukia bomba, kuku wakichakura udongo nyuma yake kwa kasi ile ile aliyokuwa akifukia nayo. Na jioni ya siku ya tatu, jua halijazama bado, nikiwa nimesimama barabarani karibu na foleni ya malori, nilimwona akitoka nyumba ya mke mdogo akiwa amebeba kuku aliyefungwa miguu. Tulisalimiana. Sikumuuliza kitu. Niliweka tu akilini.

Wiki chache baadaye ukoo ukakaa. Viti vilipangwa uani, wazee wakaja, nami nikapewa kazi ya kuandika yatakayosemwa. Ndugu alikuwa amewaagiza wake wote wawili kila mmoja afungue maandishi ya shamba kwenye kompyuta yake, achapishe, aje nayo. Mke mkubwa alisoma kwanza. Karatasi yake ilisema shamba la Chakol lisigawanywe, likae lote chini ya uangalizi wake, na mke mdogo alime sehemu atakayoonyeshwa. Mke mdogo alisimama, akasoma yake. Karatasi yake ilisema shamba ligawanywe mara mbili, mpaka upite kwenye kisima cha pampu, upande wa juu uwe wa mkubwa, wa chini uwe wa mdogo. Jina lilikuwa moja, juu kabisa: shamba. Kompyuta ya stoo ilikuwa moja. Maneno yalikuwa mawili.

"Umebadilisha!" mke mkubwa alisema.

"Nibadilishe na nini? Mimi sina ruhusa ya kuandika! Wewe ndio umebadilisha!"

"Na mimi nina ruhusa gani?"

Ndugu aligeuka taratibu. "Nani ako na password ya kuandika?"

"Ni mimi," Mwalimu alisema. "Peke yangu."

Msomaji, jiweke kwenye kiti changu. Wanawake wawili wasioweza kubadilisha chochote, faili moja yenye maneno mawili tofauti, na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuigusa. Na mimi nina kuku kichwani. Sikusimama kusema mbele ya watu. Hilo angalau lingekuwa la kiume. Niliinama nikamnong'oneza ndugu sikioni kwamba nilimwona Mwalimu akitoka nyumba ndogo na zawadi. Sikusema amehongwa. Nilisema tu nilichoona, kwa sauti ambayo ilisema yaliyobaki. Ndugu alisimama, akatangaza kikao kimeahirishwa, akamwambia Mwalimu asikanyage tena boma lile mpaka aitwe.

Malaba ni mji mdogo kuliko malori yake. Kufikia Jumatatu kila mtu alikuwa na habari kwamba Mwalimu amekula upande mmoja na kubadilisha wosia wa marehemu kwa kompyuta. Shule moja iliyokuwa ikimwita kutunza chumba chake cha kompyuta ilimwomba arudishe funguo. Watu wakaanza kuja kuchukua mashine zao kwake. Mama mmoja mwenye duka la dawa alichukua laptop yake ikiwa bado imefunguliwa, skrubu zikiwa kwenye bahasha, akasema atatafuta mtu mwingine wa kuifunga. Haya aliniambia Mwalimu mwenyewe baadaye, na alipofika kwenye ile bahasha ya skrubu alitazama pembeni.

Alichofanya ni kupeleka ujumbe mmoja kwa ndugu, na kuurudia kila siku kwa majuma mawili: waleteni mama wote wawili na kompyuta zao kwenye meza moja, mchana, watu wakiona. Hakujitetea kwa neno jingine. Nilipoulizwa na ndugu kama tumkubalie, nilisema tuwe macho, mtu mjanja hupenda watazamaji. Niliyasema hayo. Lakini mke mdogo alishikilia akubaliwe, na la kunishangaza, mke mkubwa naye. "Nataka kuona kwa macho yangu ananiibia vipi," alisema.

Basi meza ikatolewa uani, kompyuta zikawekwa bega kwa bega, waya ukavutwa kutoka stoo. Mwalimu hakugusa kitu. Alikaa akaweka mikono yake mezani, mahali ambapo kila mtu angeiona. "Mama," alimwambia mke mkubwa, "fungua folda. Unaona shamba?"

"Naona. Ziko mbili, zimefuatana. Nilifikiri ni nakala."

Mwalimu aliinua kichwa. "Mbili? Fungua ya kwanza." Mke mkubwa akafungua: shamba lisigawanywe. "Funga. Fungua ya pili." Akafungua: shamba lisigawanywe, neno kwa neno. Mwalimu akawa kama mtu aliyesikia mlio mbali. Akamgeukia mke mdogo. "Na wewe, mama?"

"Mimi naona moja. Iko hapa juu."

"Shuka chini. Shuka mpaka mwisho kabisa."

Mke mdogo akashusha, akapita picha, barua, orodha, mpaka chini. Akasema, "Iko nyingine." Akaifungua, na kwa mara ya kwanza akasoma kwenye skrini yake maneno yale aliyokuwa ameapa kwamba mwenzake ameyatunga. Mkono wake ukaenda mdomoni.

Mwalimu aliomba karatasi akaandika majina mawili, moja chini ya jingine, akaipitisha kwa wazee. La kwanza lilianza kwa herufi kubwa: Shamba. La pili kwa herufi ndogo: shamba. Alieleza kwamba marehemu aliandika moja katika nyumba hii na nyingine katika nyumba ile. Kompyuta ya stoo, kwa kuwa ni ya Linux, huyahesabu hayo kuwa majina mawili, ikaziweka faili zote mbili. Laptop ya mke mdogo nayo huzitofautisha, ila huanza na herufi kubwa juu na kutupa herufi ndogo mwisho wa orodha. Lakini Windows ya mke mkubwa haijali ukubwa wa herufi. Kwake hayo ni jina moja, na ubonyeze lipi utakalo, utafunguliwa faili ile ile. "Hakuna aliyebadilisha," alisema. "Kila mmoja alisoma kilichokuwa mbele yake. Kosa ni langu. Nilizibeba bila kuzisoma, kwa sababu sisomi mambo ya watu. Mimi ninayeshuku kila kitu, sikushuku herufi."

Sikuridhika hata hapo. Nilimuuliza, tena kwa ukali, ni ipi iliyoandikwa mwisho, maana kompyuta huweka tarehe. Akatikisa kichwa. "Tarehe ya faili msiiamini. Nilipozinakili huenda zimebadilika. Siwezi kuapa." Wazee wakaguna. Nikawaza: ametupeleka mbali hivi ili atuache gizani. Ndipo mke mkubwa alipoinuka, akachukua ile karatasi ya mwenzake iliyochapishwa, akaisoma kimya, midomo ikisogea. Akarudia mahali pamoja. Akaketi. Kuku walikuwa wakilia uani na hakuna aliyewafukuza.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema.

"Umejuaje?" ndugu aliuliza.

"Inasema mpaka upite kwenye kisima. Yangu haina kisima. Kisima tulichimba mwaka ule kabla hajaugua, mimi ndio nilipikia mafundi." Akaikunja karatasi, akamrudishia mke mdogo. "Aliandika kwako, lakini ni maneno yake. Mimi nayajua maneno yake."

Angeweza kunyamaza. Tulikuwa wanaume kumi na wawili pale na hakuna aliyekumbuka kisima. Mwanamke aliyekuwa na cha kupoteza ndiye aliyesema, na alisema mbele ya mwenzake ambaye yeye mwenyewe alimshutumu majuma mawili kabla. Mke mdogo hakusema asante. Alilia tu, na mwenzake akamwacha alie.

Kabla ya kuondoka Mwalimu alibadilisha neno la siri la kuandika. Alilifanya refu, akalikata katikati, nusu ya kwanza akampa mke mkubwa kwenye karatasi, nusu ya pili mke mdogo, akaondoka bila kubaki na nakala. Akitaka mmoja wao kubadilisha chochote lazima aende akakae na mwenzake. Mpaka leo ndivyo walivyo. Bado wanashukiana, msidhani wamekuwa mapacha. Lakini mke mkubwa alinisimulia kwamba mara ya kwanza walipokaa pamoja kuongeza jina la ndama kwenye orodha ya mifugo, walikaa hadi chakula cha mchana.

Nimefikiria sana juu ya kazi ya watu kama Mwalimu. Siku hizi maisha yetu yamo ndani ya mashine, na funguo za mashine hizo zimo mikononi mwa mafundi wa vyumba vya nyuma ambao majina yao hatuyajui vizuri. Tunawapa picha za watoto wetu, hati zetu, barua zetu za siri, halafu tunawashuku kwa sababu tumewapa. Wengine wanastahili kushukiwa, nimekutana nao. Lakini hatuwaulizi. Tunanong'ona. Na fundi, tofauti na mwanasiasa, hana jukwaa la kujibia. Ana chumba chake tu, ambacho watu huanza kuja kuchukua vitu vyao. Shule ile haikumrudishia funguo. Habari ya kosa ilikuwa imekwenda kwa miguu yake yenyewe hadi kila duka. Habari ya herufi ilikuwa ngumu kueleza, na watu hawapendi kurudisha walichokwisha kuamini kwa sababu ya S kubwa na s ndogo.

Na kuku? Ilinichukua miezi kuuliza. Mke mkubwa alicheka sana. Mke mdogo alimpa Mwalimu kuku mmoja siku ya tatu ya kazi, kama shukrani. Siku ya pili, mimi nikiwa nimekwisha kuondoka, mke mkubwa mwenyewe alikuwa amempa jogoo.

Nilimfuata Mwalimu Chakol nikamwambia ukweli, kwamba neno lililomtoa bomani lilitoka kinywani mwangu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akisafisha kibodi kwa mswaki, kitufe baada ya kitufe. Hakuacha kusugua. "Nilijua," alisema. "Ndugu alinitazama mikono baada ya wewe kuinama. Nikajua umesema nilibeba kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uniulize." Alipuliza vumbi kwenye kibodi, akaigeuza. "Mwandishi, ulikuwa na haki ya kunishuku. Hata mimi ningejishuku, password ilikuwa yangu. Lakini tulisalimiana pale barabarani. Nilikuwa na kuku mkononi na wewe ulikuwa na mdomo. Ungeuliza." Kisha akamwita mkewe alete chai, tukainywa, tukazungumza habari za mvua. Hakunisamehe kwa maneno na sikuthubutu kumwomba ayaseme.

Jumamosi tulimzika. Walikuja watu wengi, wakiwemo waliokuwa wamechukua mashine zao, na kila mmoja alimsifu. Mimi sikusema kitu kaburini, kwa kuwa nilishasema vya kutosha nilipopaswa kunyamaza. Ninalosema ni hili, na nalisema kama mtu aliyelijifunza kwa gharama ya mwingine. Sitawaambia muache kushuku; mimi mwenyewe siwezi. Lakini ukimshuku mtu, kabla hujainama kwenye sikio la mtu wa tatu, nenda ukakae alipokaa yeye, usome kilicho mbele yake, umuulize kwa kinywa chako. Ukiinuka hapo bado unashuku, angalau utakuwa unashuku kitu ulichokiona.